Tulikata Honi, Tukawa Tunapiga Hodi

Wadogo zangu wa ghalani, poleni na kazi. Mimi ni mstaafu. Msicheke. Najua mstaafu mnayemjua nyinyi ana mvi, ana redio na ana wajukuu. Mimi thelathini sijafika, mvi sina, mke mwenyewe bado natafuta. Lakini kampuni imesema nimestaafu kwa sababu za afya, na kampuni ikishasema, imekuwa. Hiyo sababu ya afya ni mguu wangu wa kulia. Kisigino ninacho. Kilichokuwa mbele ya kisigino kilibaki hospitali.

Nasikia kila asubuhi kabla ya kazi mnapangwa mstari mnasimuliwa: palikuwa na kijana anaitwa Shija, mzembe, hakupiga honi, akamvunja mwenzake mguu. Sasa huyo mwenzake ni mimi. Kama kuna mtu duniani ana haki ya kumwita Shija mzembe, ni mimi, na mimi simwiti. Kwa ajili ya hadithi hiyo Shija hapati kazi ya mashine popote, kuanzia Kilosa mpaka Mikumi. Ndiyo maana naandika. Vyeo naviruka, sikupata. Mshahara nauruka pia, wenyewe ulikuwa unaruka miezi.

Nilimaliza darasa la saba Chanzuru, shule ikaniaga na mimi nikaiaga, hakuna aliyelia. Nikaja pale ghalani, barabara ya Kilangali, kubeba magunia ya mpunga. Aliyenipokea ni Mzee Yeremia, msimamizi wa wabebaji. Mnamjua, bado yupo. Lakini hamkumjua wakati ule. Ni mtu wa milimani, mzee wa kanisa, alianza kazi ujanani kwenye mkonge kule Rudewa, na hakuna mbebaji aliyeingia ghala lile bila yeye kukubali. Meneja akitaka watu ishirini kesho, hamwiti afisa, anamwita Mzee Yeremia.

Siku ya kwanza nilifika nikasema, "Mambo vipi, Mzee?" Akanitazama kama mtu anayetafuta mahali harufu inapotokea.

"Wewe mtoto wa nani?"

Nikamwambia.

"Baba yako namjua, ana adabu. Wewe umeokotwa wapi? Toka nje, uingie upya."

Nikatoka, nikaingia. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sasa inama."

Akanipandisha gunia mgongoni, akanifundisha kulikalisha kwenye mabega badala ya kiuno, kutazama mbele badala ya miguu, kupumua kabla ya kunyanyuka. Alikuwa mwalimu, sitamnyima. Nilibeba bila kuumia mgongo kwa sababu yake. Mgongo wangu mpaka leo mzima kabisa. Nimeshukuru, tuendelee.

Shija alikuja msimu uliofuata. Kwao ni Wasukuma waliohamia upande wa Rudewa na ng'ombe wao. Mrefu, mpole, anacheka kwa shida. Mimi nikamwambia palepale, "Oya, wewe ni mtani wangu, nyumba ya babu yako naitaka." Akajibu taratibu, "Chukua, ila ndani kuna bibi, naye uondoke naye." Kuanzia siku hiyo tukawa wawili. Nilimtania ng'ombe, akanitania uvivu, na kila asubuhi alimwamkia Mzee Yeremia kwa kuinama mpaka unadhani kaangusha kitu.

Halafu mashine zikaletwa. Mbili. Jeki za paleti za umeme, za kunyanyulia yale majukwaa ya mbao yanayopangwa magunia, kama mnazotumia nyinyi sasa. Kabla ya hapo tulikuwa na jeki ya mkono, ile unapampu unavuta kwa nguvu za ugali. Hii ya umeme ilishuka kwenye lori, fundi akaigeuza funguo, akaiendesha mpaka ndani, na hatukusikia kitu. Kimya. Magurudumu tu, kama mtu anatembea na soksi. Mama muuza chai akasema, "Hii inakuja kama paka." Basi jina likawa hilo. Paka wa kwanza na Paka wa pili.

Fundi alitufundisha siku moja akaondoka. Waliobaki tulifundishwa na Mzee Yeremia, ambaye alisimama siku nzima kwenye bega la fundi akiuliza kila kitu mara mbili. Nawapa na nyinyi, maana nasikia siku hizi mnafundishana kwa kuigana.

Ndani ya lile boksi la nyuma mna betri, na betri ndiyo kila kitu. Inazungusha mota, mota inazungusha gurudumu moja tu, lile la katikati chini ya boksi. Hayo madogo ya mbele kwenye ncha za uma, zile pembe mbili zinazoingia chini ya paleti, hayana nguvu yoyote, yanabeba tu, kama wabebaji. Ukibonyeza kunyanyua, kuna pampu ndogo inasukuma mafuta, na mafuta yananyanyua uma na tani nzima juu yake kimo cha kiganja. Kushusha hakuli umeme. Inafungua njia ya mafuta, mzigo unajishusha kwa uzito wake. Kwa hiyo ukishusha taratibu siyo kwamba unabana betri, unaokoa mayai ya mtu.

Mkono wa kushikia ndio akili yake. Ukiusimamisha wima, breki inashika. Ukiulaza mpaka chini kabisa, breki inashika. Inatembea ukiwa katikati tu. Ukiuachia, unarudi juu wenyewe na mashine inasimama. Shija aliipenda sana hiyo. Alisema hata ng'ombe wa baba yake hawana tabia nzuri hivyo. Vidole gumba ndiyo mwendo, mbele na nyuma. Kuna kitufe kimechorwa kobe, cha kwenda polepole pembeni ya kuta, na kuna kile kitufe chekundu kikubwa kwenye ncha ya mkono kinachotazama tumbo lako. Hicho usikiguse kwa makusudi. Kazi yake ni kwamba mashine ikikubana ukutani, kinagusa tumbo, na mashine inageuza inakukimbia. Mzee Yeremia ndiye aliyejaribiwa kwanza. Mashine ilipomgusa tumbo ikarudi nyuma, akasema, "Imeniogopa." Tukacheka mpaka fundi akakaa chini.

Betri chajini mpaka taa iwe ya kijani, msiikatize katikati kwa sababu lori limefika. Maji yake ni yale ya dukani, siyo ya bomba, na ongezeni baada ya kuchaji, kabla ya hapo yatachemka yamwagike. Sigara hapana, ile hewa inayotoka inawaka. Fagieni sakafu. Punje chache za mpunga chini ya gurudumu dogo zinatosha kuitelezesha tani nzima. Na msipande juu ya mashine. Ni ya kutembea nayo, siyo bodaboda.

Kawaida unatembea mbele, mkono unavuta nyuma yako, unaona unakokwenda. Lakini ghala lenu lina ile kona kati ya kinu cha kukoboa na banda la pili. Ukitoka kinuni na mzigo, pale hapana nafasi ya kugeuka, lazima uingie uma ukiwa mbele, wewe nyuma unasukuma. Magunia yako juu kuliko kichwa chako. Huoni kitu. Na mashine haina sauti. Fundi alisema neno moja tu juu ya kona ile: "Hapa, honi. Kila mara. Hata kama uko peke yako duniani."

Tukapiga honi. Mimi nilipiga sana, nikiri niliipenda ile sauti. Asubuhi moja nakuja na paleti ya mbegu, nafika kona, nikabonyeza mara mbili. Kutoka upande wa pili akatokea Mzee Yeremia, kofia mkononi, macho mekundu.

"Unampigia nani hiyo?"

"Kona, Mzee. Fundi alisema..."

"Mimi ni mbuzi? Nimelala barabarani? Unanipigia honi mimi, niliyekupandishia gunia lako la kwanza?"

"Sikukuona, Mzee. Shikamoo."

"Hiyo shikamoo yako imechelewa. Pale Mikumi lori la mizigo linakuta tembo katikati ya lami, dereva anazima anasubiri. Tembo hapigiwi honi. Mimi nina thamani ndogo kuliko tembo?"

Nikasema, "Hapana, Mzee, ila tembo anaonekana."

Wabebaji wakaangua kicheko. Nadhani hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kama wasingecheka, labda angesahau.

Hakuwa yeye peke yake, niwe mkweli. Wazee wa vijiji walikuja kuchukua mbegu, wakikaa kwenye kivuli cha kona ile ile, na wao walilalamika. "Vijana wanatupigia honi kama mifugo." Tuliwaamkia wakiwa wamekaa, halafu dakika moja baadaye tunawabipu. Kwetu hapa mnajua ilivyo. Unaweza kumkuta mzee kasimama katikati ya mlango, na wewe una gunia kichwani, utasimama nalo mpaka atakapoona mwenyewe. Kumwambia sogea hakuna anayeweza. Sasa honi inasema nini kama siyo sogea? Tena kwa sauti.

Meneja alikuwa kijana wa Dar, suruali imebana, anaogopa vumbi na anamwogopa Mzee Yeremia. Msimu wa mavuno ulikuwa unakuja, na bila Mzee hapakuwa na wabebaji. Asubuhi tukapangwa mstari. Meneja akasema, mbele yetu sote, "Kuanzia leo hizo honi zitoke. Fundi ukate waya. Hapa tunaheshimiana. Mkifika kona, pigeni hodi."

Tulidhani anatania. Fundi umeme wa kinu akachukua koleo, akafungua kifuniko cha Paka wa kwanza, tap. Cha Paka wa pili, tap. Mzee Yeremia amesimama pembeni, ameridhika, kama mtu aliyerudishiwa shamba lake.

Ndiyo hodi ikaanza. Unafika konani, unapaza sauti, "Hodi kona!" Upande wa pili kama kuna mtu anajibu, "Karibu, subiri!" au "Karibu, pita!" Kama hakuna, kimya, unapita. Nawaambia kweli, ilikuwa raha. Wazee waliokaa kivulini wakawa wanaitikia wote kwa pamoja kama waumini. Mimi niliongeza maneno: "Hodi kona, mna binti humu?" Mzee mmoja akajibu, "Yupo, ila anataka mwenye gari, siyo paka." Shija yeye alipiga hodi yake na shikamoo hapohapo, mstari mmoja, "Hodi kona shikamooni," hata kama hamna mtu. Wageni waliotembelea ghala walitusifu. Walisema hawajaona mahali penye heshima hivyo.

Ilifanya kazi kiangazi chote kwa sababu kinu kilikuwa kimelala. Hilo ndilo hatukulipigia hesabu, wala mimi, wala meneja, wala Mzee. Mavuno yakaja, kinu kikawashwa. Nyinyi mnakijua kile kinu. Kikiwaka, mtu akikuita jina lako sikioni unaona mdomo tu.

Shija ndiye aliyesema kwanza. Wakati wa chai alimfuata Mzee, akachuchumaa, akaongea kwa sauti ya chini kama anaomba posa. "Mzee, naomba nikuambie kitu. Kinu kikiwaka hodi haisikiki. Naomba waya urudishwe msimu huu tu."

Mzee akakoroga chai. "Shija, wewe ndiye mwenye adabu humu. Nawe umeanza?"

"Hapana, Mzee."

"Paza sauti. Mna vifua vya nini?"

Nikadakia, "Mzee, hata akipaza vipi, kile kinu kinashinda kwaya ya kanisa lako."

"Wewe nyamaza, kila kitu kwako ni mzaha."

Shija akanyanyuka, akasema, "Sawa, Mzee. Nitapaza." Na akapaza kweli, kuanzia hapo sauti ilimkauka mpaka akawa anaongea kama jogoo mgonjwa.

Siku yenyewe, mchana, nilitoka mizani nikiwa natembea kwa miguu, Paka wangu yuko kwenye chaji. Nimevaa raba. Nafika kona, kinu kinanguruma. Shija anakuja kutoka kinuni, uma mbele, paleti imejaa, na alikuwa anapiga hodi. Najua alipiga kwa sababu nilipoanguka nilimwona pembeni ya magunia, mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama. Sauti haikunifikia. Kilichonifikia ni ncha ya uma na lile gurudumu dogo, juu ya mguu.

Sasa sikilizeni, maana hapa pana somo la mashine. Shija aliponiona alifanya kile alichofundishwa. Aliachia mkono. Mkono ukarudi juu. Breki ikashika. Ilishika vizuri kabisa, mashine nzima, betri nzima, na tani ya mpunga, ikashika hapohapo juu ya mguu wangu, haitingishiki. Sijawahi kuona breki nzuri kama ile. Ili kuiondoa ilibidi aushike mkono tena, aushushe katikati, abonyeze kurudi nyuma. Kwa pupa akaulaza mpaka chini kabisa, breki ikashika tena. Nikamwambia, "Mtani, katikati. Weka katikati." Akaweka. Ikarudi. Alinibeba mgongoni kama gunia mpaka kwenye gari, analia, ananiomba radhi kwa Kisukuma, ambacho sikijui.

Mwezi uliofuata kampuni ikafanya kikao. Nilikuwa nimetoka hospitali, nikaja na magongo. Meza ndefu, mgeni kutoka makao makuu, meneja, Mzee Yeremia, Shija amesimama. Kabla sijakaa nilishaelewa kinachotafutwa: mtu wa kuondoka. Na mtu huyo hakuwa yeyote kati ya waliokaa.

Mgeni akauliza, "Ulipofika kona ulipiga honi?"

Shija akasema, "Nilipiga hodi."

Mgeni akacheka, siyo kwa ubaya. "Honi, kijana. Nimeuliza honi."

"Honi hamna, bosi. Ilikatwa."

"Ilikatwa na nani?"

Shija akamtazama Mzee Yeremia. Alimtazama tu, akainamisha macho. Hakusema. Kwa malezi yake asingesema hata wangemchoma moto. Meneja akawa anatafuta kitu kwenye simu yake. Basi nikasema mimi. Nikasema yote: mstari wa asubuhi, koleo, meneja alivyosema, Mzee alivyosimama. Sikumung'unya maneno.

Mgeni akamgeukia Mzee. "Ni kweli?"

Mzee Yeremia akavua kofia, akaiweka gotini. "Huyu kijana nampenda sana, ni mwanangu. Lakini muulizeni mtu yeyote humu. Ni mtu wa utani. Hata msibani anatania. Leo yuko na maumivu, mwacheni aseme."

Wakatabasamu wote. Nikatazama wabebaji waliosimama mlangoni, wale wale waliocheka mambo yangu miaka yote. Wakawa wanatazama sakafu.

Meneja akasema, "Twendeni tukaione hiyo mashine, tusibishane." Tukaenda, mimi nyuma nikidundadunda. Paka wa pili amesimama palepale. Mgeni akamwambia Shija, "Bonyeza."

Shija akabonyeza.

Ikalia. Sauti nzima, safi, ghala lote likaitika. Walikuwa wameshaunga waya, lini sijui, labda mimi nikiwa bado mezani kwa daktari. Shija akabonyeza tena kama haamini, ikalia tena. Mgeni akasema, "Basi, inatosha." Shija akaitoa funguo, akaiweka juu ya boksi kwa mikono miwili kama anavyompa mtu mzima kitu, akaondoka kwenda kuchukua shati lake.

Ndiyo hiyo hadithi mnayosimuliwa asubuhi. Honi ilikuwepo, mzembe hakuipiga.

Shija hakukata tamaa haraka. Alisikia Mikumi kuna ghala la vinywaji, pale karibu na barabara kuu, wameleta jeki za umeme na hawana mtu anayezijua. Akanifuata nyumbani. "Mtani, twende wote. Wakiuliza habari ya mguu, mwenye mguu awepo." Tukaenda.

Mkuu wa ghala lile alikuwa dada mmoja mnene, mchangamfu, kalamu kwenye nywele. Akampa Shija mashine. Shija akaipitisha paleti ya kreti katikati ya nguzo mbili ambazo mimi nisingepitisha baiskeli. Akaishusha bila chupa kulia. Dada akapiga makofi. "Huyu umemtoa wapi?"

"Rudewa," nikasema. "Tulikuwa tunamfuga."

Akacheka. Akasema Shija aanze wiki ijayo, ila utaratibu ni kupiga simu alikotoka. Meneja hakupokea. Akampigia msimamizi. Akaweka sauti ya juu, sote tukasikia.

"Shija? Namjua sana," Mzee Yeremia akasema. "Kijana wa adabu. Mchapakazi. Mlevi siyo, mwizi siyo." Shija alikuwa ameegemea mlango, akatabasamu. "Ila tu ile ajali yake ya honi."

"Ajali gani, Mzee?"

"Alimkanyaga mwenzake. Hakupiga honi konani."

Nikaisogelea simu. "Shikamoo, Mzee. Ni mimi niliyekanyagwa, niko hapa."

"Marahaba, mwanangu! Mguu unaendeleaje? Jumapili tumekuombea."

"Asante. Mzee, hapa sitanii. Mwambie dada habari ya waya. Neno moja tu, kazi yako haiguswi, hapa ni Mikumi. Shija anasikia."

Tulisikia kinu kwa mbali, na mtu anamwita huko.

"Mambo ya waya ni ya mafundi," akasema. "Msalimieni Shija." Akakata.

Dada akaichomoa kalamu kwenye nywele, akairudisha. "Nawaamini," akasema. "Lakini nikimchukua, akija akamgusa mtu, nitaulizwa kama nilijua. Na sasa najua."

Shija akamshukuru. Akamshukuru! Akamwambia, "Asante dada, kazi njema," tukatoka. Sasa hivi anabeba magunia ya mkaa mgongoni pale pale Mikumi, anapakia malori. Nilimuuliza kwa nini siku ile ya kikao hakusema jina la Mzee, akasema, "Ningemtazamaje?" Nikamuuliza, "Na yeye anakutazamaje?" Akasema, "Hanitazami." Tukaacha.

Mzee Yeremia nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo, juzi, Kilosa mjini. Kuna kile kidaraja cha mbao cha kuvukia mtaro, mtu mmoja mmoja. Nilikuwa nimeshafika katikati na magongo yangu. Yeye akaingia kutoka upande wa pili, Biblia kwapani, akanyoosha hatua kama kawaida yake, mpaka tukatazamana. Akasimama. Alikuwa anangoja vitu viwili, nimwamkie, halafu nirudi nyuma apite.

Watu walikuwa wanatazama. Mama wa nyanya akaacha kupanga nyanya.

"Mwanangu," akasema, "siku hizi huamkii?"

Nyuma yangu palikuwa na mbao mbovu na gongo halirudi nyuma vizuri. Lakini hata ingekuwa lami, nisingerudi.

"Mzee," nikasema, "pisha."

Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno hilo tangu enzi za mkonge. Akanitazama usoni, akatazama mguu, akatazama usoni tena. Halafu akarudi nyuma, hatua kwa hatua, akasimama pembeni, nikapita.

Hakufa.